Gereji ya Wasomaji: Azima Chombo Pamoja na Mkono Wake

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinatoka Mwanza na ng'ambo ya ghuba, na zote zinahusu jambo moja: namna watu wanaofufua magari ya zamani wanavyoazimana vifaa na kulipana kwa ufundi badala ya fedha. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu maswali yake ndiyo tunayoulizwa mara kwa mara.

SWALI: Ndugu Mwandishi, salaam. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, mkazi wa Buswelu. Marehemu baba yangu aliniachia Land Rover Series III ya petroli, aliyokuwa akiitumia zamani kukagua mashamba ya pamba upande wa Magu na Kwimba. Injini yake ni ya silinda nne, lita mbili na robo. Siku hizi gari linatoa moshi wa bluu, linakula oili kupita kiasi, na likishapata moto taa ya oili inawaka kila ninapoachia mafuta. Nimeamua kushusha injini na kuifanyia ovahoo mwenyewe hapa nyumbani, kwa kuwa muda ninao na kitabu cha mwongozo cha kiwanda ninacho, ila vifaa vyangu vyote ni vya umeme. Rafiki yangu anayetengeneza injini za boti pale Kirumba ana maikromita, spana ya toki (ile ya kukazia bolti kwa kipimo maalumu) na vibano vya kila namna, na jirani yangu ni mkerezaji vyuma mwenye karakana Nyakato. Wote wawili wana kazi za umeme wanazotaka niwafanyie. Je, niazime nini, ninunue nini, na tubadilishane vipi ufundi bila kuja kukosana?

Msomaji, Buswelu

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kutoliuza gari lake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 2,286 ilianza kufungwa kwenye Land Rover mwaka 1958 na ikaendelea hadi miaka ya 1980. Inamvumilia sana fundi anayeanza, kwa kuwa bloku, yaani kiwiliwili chenye silinda, na hedi inayoifunika juu vyote ni chuma cha kusubu, nafasi ya kuingiza mikono ni kubwa, na hakuna kompyuta ya kubishana nayo.

Kabla hujaazima chochote cha kufungulia, azima geji ya kupimia mgandamizo, ambayo fundi yeyote wa injini za petroli anayo na hatakunyima kwa saa moja. Injini ikiwa imepata moto, chomoa waya wa koili, toa plagi zote nne, mtu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho, kisha piga stata na uandike usomaji wa kila silinda. Baada ya hapo mimina kijiko kimoja cha oili katika kila silinda kupitia tundu la plagi, upime tena. Usomaji ukipanda sana, basi ringi na silinda ndizo zilizochoka. Ukibaki palepale, ubovu uko kwenye valvu, na huenda kazi yako ikaishia kwenye hedi tu. Taa ya oili nayo usiiamini peke yake. Fungua swichi yake na ufunge mahali pake geji ya mshale, kwa sababu swichi ya bei ndogo inaweza kukufanya ushushe injini nzima isiyokuwa na kosa. Wewe ni fundi umeme, nadhani hilo halihitaji maelezo zaidi.

Ikithibitika kwamba injini imechoka kweli, cha kununua kwa fedha yako ni seti ya spana na boksi za inchi. Gereji nyingi za Mwanza zinaishi kwa Toyota, kwa hiyo spana zake ni za milimita, nawe utashawishika kuzitumia. Boksi ya 19 itakaa vizuri kwenye bolti kubwa za hedi, ambazo kichwa chake ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba zote zitakubali. Hazikubali. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 ikikishika hucheza kidogo, ikateleza, na baada ya kuteleza mara mbili kona za nati huwa zimekwisha. Kile cha sehemu tisa za kumi na sita, ambacho ni karibu milimita 14.3, hakina kabisa spana ya milimita inayokifaa, kwa maana 14 haiingii na 15 imelegea. Tena utazihitaji spana hizo kila siku kwa muda wote wa kazi, na kitu cha kutumia kila siku kikiazimwa huwa kimechukuliwa, hata kama aliyekitoa ni muungwana asiyeweza kukwambia hivyo usoni.

Cheni bloki, yaani mnyororo wa kunyanyulia injini, kwa upande mwingine, ni ya kuazima au kukodi kwa siku mbili tu, siku ya kushusha na siku ya kupandisha. Iazime pamoja na miguu yake mitatu ya mabomba. Usiifunge kwenye kenchi za paa wala kwenye tawi la mwembe, hata kama mtaani kwenu ndivyo inavyofanywa.

Sasa tufike kwenye vyombo vya kupimia, ambako rai yangu ni tofauti na ya watu wengi. Maikromita, geji ya saa na geji ya kupimia kipenyo cha silinda ni vyombo vinavyosoma sehemu za mia za milimita. Asiyevizoea akivishika hakosi kupata namba, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: atakaza maikromita kama anayekaza koleo, atapata namba inayoonekana safi, ataiandika, kisha atanunua beringi kwa kuifuata. Kwa hiyo usimwombe rafiki yako wa Kirumba maikromita. Mwombe aje yeye mwenyewe na maikromita yake, kwa asubuhi moja, na umwandalie kazi kiasi kwamba hatapoteza hata dakika kumi akisubiri kitu kioshwe.

Kumwandalia maana yake ni hii. Krankishafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, iwe imeoshwa kwa mafuta ya taa, matundu yake ya oili yamesafishwa kwa waya na kupulizwa, na imelazwa juu ya vipande viwili vya mbao vilivyokatwa kwa umbo la V. Kofia za beringi ziwe zimegongwa alama za namba na upande kabla hazijafunguliwa, kwa sababu kofia iliyobadilishwa mahali huharibu vipimo vyote vinavyofuata. Rafiki yako apime kila shingo ya krankishafti inapokaa beringi, kwenye ncha zake mbili, na kila ncha kwa pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Tofauti ya upande na upande inaonyesha kwamba shingo imepoteza mviringo. Tofauti ya ncha na ncha inaonyesha kwamba imelika zaidi upande mmoja. Silinda zipimwe juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kisha katikati na chini. Kazi yako wewe ni kushika daftari na kuandika, na kumwomba arudie kipimo chochote ambacho hukumwona akikisoma.

Pimeni asubuhi, ndani ya chumba ambamo vyuma vyote pamoja na maikromita vimelala usiku kucha. Chuma kikipata joto kinapanuka, na jua la saa saba mchana si la kuchezea: bloku ikiachwa uani ikazidi joto la maikromita kwa nyuzi 20, silinda ya milimita 90 itasomeka pana zaidi kwa karibu sehemu mbili za mia za milimita, na kwa fundi wa kuchonga silinda hicho si kiasi cha kupuuza. Maikromita za ukubwa wa kuanzia milimita 25 kwenda juu huja na kipande cha chuma cha kuthibitishia usomaji. Mwombe rafiki yako akipime mbele yako kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Hatachukia, maana fundi mwenye chombo kizuri hupenda kuulizwa swali hilo.

Kuchonga silinda na kusaga krankishafti visiingie kwenye mabadilishano yenu. Hiyo ni kazi ya mashine, na mwenye mashine ana umeme wa kulipia, mawe ya kusagia yanayokwisha na vijana wanaosubiri mshahara; mpe fedha yake, nawe upate haki ya kudai kipimo ulichokiagiza. Jirani yako mkerezaji, hata awe hodari namna gani, mashine yake ya kukerezea si mashine ya kusagia krankishafti, kwa hiyo usimtie kwenye kishawishi hicho kwa sababu tu mnakaa mtaa mmoja. Kumbuka pia utaratibu wa manunuzi: pistoni za ukubwa wa ziada zinunuliwe kwanza na kukabidhiwa kwa fundi, ili kila silinda ichongwe kwa kuifuata pistoni itakayokaa humo. Kwa upande wa krankishafti, uliza kwanza ni beringi za ukubwa gani zinazopatikana, ndipo uruhusu isagwe. Ukisaga kwanza kisha ukaanza kutafuta beringi, unaweza kubaki na shafti inayong'aa vizuri sana mvunguni mwa kitanda.

Anachoweza kukufanyia mkerezaji ni kukutengenezea vifaa ambavyo hakuna mtu wa kukuazima. Kwenye injini yako, kofia ya beringi ya nyuma ya krankishafti ina mifuo miwili ubavuni, na kila mfuo unaingia sili ndogo yenye umbo la herufi T. Kofia inaposhuka mahali pake, sili hizo hupenda kukunjwa na ukingo wa bloku, na ukishafunga kila kitu huoni kosa mpaka oili ianze kudondokea kwenye klachi. Kiwanda kilitumia vielekezi viwili vya chuma vinavyofungwa kwa bolti kwenye uso wa bloku unaopokea karta ya oili, vikiwa vimechongwa mteremko ili sili itelezee ndani bila kukatwa. Kwa mkerezaji hiyo ni kazi ya vipande viwili vya chuma bapa na nusu saa. Mpelekee kofia yenyewe na sili moja akaone, asifanye kwa kuelezwa tu. Akishamaliza, vielekezi hivyo vitakuwa mali yako, na mwenye Land Rover mwingine atakayevihitaji atakuwa na sababu ya kubisha hodi kwako.

Kuhusu kubadilishana ufundi, msiseme "tutasaidiana" mkaishia hapo, kwani neno hilo halina kiasi. Kila mmoja aandike bei ambayo angemtoza mtu asiyemjua kwa kazi ileile: wewe kwa kuvuta waya, kufunga kisanduku cha fyuzi na kuzika ethi ya karakana, rafiki yako wa Kirumba kwa asubuhi ya kupima na siku ya kufunga injini. Bei hizo zikipishana, mwenye deni alipe tofauti kwa fedha palepale na lisibaki la kukumbushana. Vitu vya kununuliwa visihesabiwe kabisa: waya na swichi vinunuliwe na mwenye karakana, gasketi na beringi zinunuliwe na wewe, ili mnachobadilishana kiwe kazi ya mikono peke yake. Andikeni pia thamani ya kila chombo kitakachotoka nje ya karakana yake, na kwamba kikivunjika analipa yule ambaye kilikuwa mkononi mwake, bila kuchunguza nani alikuwa na nia gani. Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Karatasi yenye saini mbili hupunguza vilio vya hayo matanga.

Nakushauri uanze wewe. Fanya kazi ya umeme ya Kirumba, au angalau nusu yake, kabla hujashusha injini. Anayeazima akiwa ameshatoa jasho huomba kwa sauti tofauti, na rafiki yako atakuja siku ya kupima akiwa na taa inayowaka karakanani kwake.

Siku ya kufunga, mwite tena. Kuosha, kukwangua gasketi za zamani, kusaga valvu kwa unga na kupaka rangi utafanya peke yako, lakini kukaza kunataka macho manne, mmoja akikaza na mwingine akisoma kitabu kwa sauti. Bolti kubwa za hedi hukazwa kwa futi-ratili 65, yaani karibu nyutoni-mita 88, kwa hatua na kwa mpangilio unaoanzia katikati kwenda nje. Valvu zote huachiwa nafasi ya elfu 10 za inchi, ambayo ni milimita 0.25. Kwa upande wa beringi fuata kitabu cha injini yako hasa, si cha jirani, kwa kuwa hadi mwaka 1980 injini hizi zilikuwa na beringi kuu tatu za krankishafti na baada ya hapo zikawa tano. Kama rafiki yako hawezi kuja, spana ya toki inaweza kutoka bila mwenyewe, kwa masharti ninayoyaeleza katika jibu linalofuata.

SWALI: Mwandishi, nina gereji ndogo Igoma. Spana yangu ya toki, ile inayotoa mlio inapofikia kipimo, huazimwa na kila mtu anayefungua hedi. Majuzi imerudishwa ikiwa imetumika kufungulia nati za tairi za lori, na aliyeiazima anasema haina tatizo lolote. Nitajuaje kama bado inasema kweli? Na je, nikikataa kuiazimisha tena nitakuwa mchoyo?

Fundi wa Igoma

JIBU: Fundi, kwanza tuipime, maana lawama zinaweza kusubiri. Ifunge ncha yake ya mraba kwenye jiliwa ili mkono wa spana ulale sambamba na ardhi, kisha pima umbali kutoka katikati ya mraba hadi katikati ya mshiko, mahali mkono wako unapokaa unapokaza. Tuchukulie kwamba umbali huo ni sentimita 45. Weka spana kwenye nyutoni-mita 88, tundika dumu tupu la lita 20 mahali hapo pa mshiko kwa kamba, kisha anza kumimina maji taratibu, kwa kikombe unapokaribia mwisho, hadi usikie mlio. Teremsha dumu lenye maji yake ukalipime kwenye mizani. Mizani ya samaki ya pale Mwaloni inatosha kabisa na haina upendeleo.

Hesabu yake ni kilo, mara 9.81, mara umbali kwa mita. Kilo 20 kwenye sentimita 45 zinatoa nyutoni-mita 88 na kitu. Hata hivyo spana yenyewe ina uzito unaosaidia kuvuta: ikiwa ni ya kilo 1.2 na inakaa mizani kwenye sentimita 20 kutoka kwenye mraba, inaongeza nyutoni-mita 2 na zaidi kidogo, kwa hiyo dumu litakalotoa mlio linapaswa kuwa la kilo 19 na nusu hivi. Spana nyingi za namna hii hutengenezwa zikiwa na ruhusa ya kukosea asilimia 4 juu au chini, jambo ambalo hapa ni kama gramu 800. Rudia kipimo mara kadhaa. Dumu likihitaji kuwa zito kupita hapo, ujue spana inachelewa kulia na wateja wako wanavuta bolti hadi zinarefuka. Spana ikilia mapema, hedi zinabaki zimelegea na gasketi zitaungua. Ikibadilisha jibu kila unapopima, hiyo sasa ni mpini wa kufungulia nati za tairi, na aliyeiharibu alipe.

Kuhusu uchoyo, sioni uchoyo wowote. Spana ya toki si nyundo. Mtu akija kuiazima, mwambie moja kati ya mambo mawili: alete hedi na bloku aje kukazia hapo gerejini kwako, jambo ambalo kwa injini ndogo linawezekana, au wewe umpelekee spana, ukaze mwenyewe, na siku hiyo ihesabiwe kwenye daftari kama kazi aliyokopa. Ukiamua kuiachia itoke, itoke ikiwa na karatasi ya kipimo cha dumu, na irudi ipimwe dumu lilelile mbele ya aliyeichukua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba chombo cha kupimia hupotea hata kikiwa kimerudi. Usisahau kuirudisha kwenye namba yake ya chini kabisa kila unapoiweka kabatini, ili springi yake isilale ikiwa imebanwa.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mwanamke, fundi wa kushona viti vya magari, na ninaishi Sengerema. Nina pikapu yangu aina ya Peugeot 504. Fundi mmoja wa injini alikubali kubadilisha gasketi ya hedi na kusaga valvu, nami nikakubali kumshonea viti vyote vya gari la mteja wake. Viti vya mbele nimeshamkabidhi. Yeye alifungua hedi, akaipeleka kusawazishwa, na tangu hapo ni wiki ya tano haonekani, kila nikimpigia ananiambia kesho. Gari liko wazi chini ya banda la bati. Dereva wangu anataka kuizungusha injini kwa mkono kila baada ya siku chache ili isigande. Nifanye nini?

Msomaji wa kike, Sengerema

JIBU: Dada yangu, jambo la haraka ni hilo la mwisho: mkataze dereva wako kabisa asiizungushe. Injini ya petroli ya Peugeot 504 ina silivu zinazochomekwa ndani ya bloku na kuzungukwa na maji moja kwa moja, na kinachozibana zisiinuke ni hedi. Hedi ikiwa imetolewa na injini ikazungushwa, pistoni huweza kuivuta silivu juu kidogo, sili iliyoko chini yake ikaachia, na baada ya kufunga kila kitu maji yakaanza kuingia kwenye oili. Hapo kazi ya gasketi inakuwa kazi ya injini nzima. Kama ameshaizungusha, usifiche. Mwambie fundi, na silivu zikaguliwe kabla hedi hairudi.

Leo hii tafuta mchomeleaji akukatie vipande vya chuma bapa vyenye matundu, pamoja na bolti zinazolingana na nyuzi za bolti za hedi na mabomba mafupi ya kuvinyanyulia, ili vipande hivyo vikanyage kingo za silivu bila kuingia kwenye njia ya pistoni. Kisha pakaza oili safi kwenye kuta za silinda, kwa kuwa unyevu wa upepo wa ziwani huanza kutia kutu kwenye chuma kilicho wazi mapema kuliko watu wanavyodhani, na ufunike uso wa bloku kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na turubai juu yake. Vitambaa nadhani huna haja ya kuazima.

Sasa makubaliano yenu. Kosa halikuwa kubadilishana viti kwa gasketi, ambayo ni biashara ya haki kabisa. Kosa ni kwamba kazi yako ilikabidhiwa kwa kipande kikubwa wakati yake haikugawanywa. Viti vya nyuma usivitoe. Mwite pamoja na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, si kwa ajili ya kumshitaki, bali kwa ajili ya kugawa upya kazi iliyobaki katika hatua ambazo kila mmoja anaweza kuziona kwa macho: akirudisha hedi iliyosawazishwa na valvu zikiwa zimesagwa, wewe unakata na kushona vitambaa vya kiti cha nyuma, akiifunga na injini ikawaka bila kuvuja, unavivalisha na kukabidhi. Wekeni tarehe, na muandike kwamba tarehe ikipita bila sababu, thamani ya viti vya mbele inageuka deni la fedha, ili uweze kumlipa fundi mwingine amalizie. Inawezekana pia kwamba amekwama kwa kukosa fedha ya kukomboa hedi kule ilikosawazishwa na anaona haya kusema; muulize hilo kwa upole mkiwa wawili tu, kabla ya mtu mzima hajafika.

Siku atakayokuja kufunga, mwambie aje na geji ya saa apime kila silivu imesimama juu ya uso wa bloku kwa kiasi gani kabla hajalaza gasketi mpya, alinganishe na kitabu cha injini, nawe uziandike namba hizo kwenye karatasi ileile ya makubaliano.